Karagosi Hana Hatia: Ni Sauti ya Nani Inayosikika Sebuleni Mwetu?

Mwaka 2026 Mama Kanisa anaadhimisha Siku ya 60 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, na kaulimbiu iliyochaguliwa na Baba Mtakatifu Leo XIV inahusu kuhifadhi sauti na nyuso za wanadamu. Wengi wameipokea kama onyo mintarafu akili unde, na ndivyo ilivyo. Hata hivyo, miaka mingi kabla ya mashine kujifunza kuigiza sauti ya mtu, ilikuwapo sanaa iliyofanya jambo linalokaribiana na hilo mbele ya macho ya watu, nao wakacheka na kulipa kiingilio. Hiyo ni sanaa ya kumfanya mwanasesere aseme. Leo sanaa hiyo ina nafasi yake katika runinga na katika vipande vya video vinavyosambazwa kwa simu za mkononi, na watoto wetu huitazama, mara nyingi wakiwa peke yao. Inafaa kuitafakari kwa haki, tukipima wema wake na hatari zake, kwa maana inatuachia swali ambalo hakuna mzazi wala mwamini anayeweza kulikwepa: ni sauti ya nani inayosikika sebuleni mwetu?

Ufundi wa midomo iliyotulia

Kiswahili kinalo neno la siku nyingi kwa mwanasesere wa maigizo, nalo ni karagosi. Neno hilo limesafiri mbali. Asili yake ni Karagöz, mhusika mchekeshaji katika maigizo ya vivuli ya Waturuki, ambayo UNESCO iliyaorodhesha mwaka 2009 miongoni mwa urithi wa utamaduni wa binadamu. Wafaransa nao humwita karagosi wa kamba marionnette, jina lililochipuka kutoka Marion, ambalo ni namna ya kumwita Maria kwa kudekeza. Katika siasa zetu, kumwita mtu karagosi au kibaraka ni kumshutumu kwamba maneno anayoyasema si yake. Lugha yenyewe, basi, imekwisha kutambua kiini cha jambo: anayefungua kinywa si lazima awe ndiye anayesema.

Wapo wasanii wanaojificha nyuma ya pazia na kuwachezesha karagosi kwa kamba au kwa mikono. Wengine hawajifichi kabisa. Huketi hadharani, mwanasesere akiwa gotini, mkono mmoja ukiwa umeingia mgongoni mwake, nao huzungumza naye kama mtu na mwenzake pasipo kutikisa midomo yao. Kwa Kilatini waliitwa wasemao kwa tumbo. Jina hilo linapotosha, kwa kuwa hakuna sauti itokayo tumboni. Sauti hutoka kooni kama sauti nyingine yoyote. Ulimi ndio unaobeba kazi, huku midomo ikitulia. Kisha mtazamaji mwenyewe humkamilishia msanii kazi yake, maana akili ya mtu ikiona kinywa kinachofunguka na kufumba sambamba na maneno, huamua kwamba maneno yanatoka hapo. Ndiyo sababu tunapotazama taarifa ya habari twaona kana kwamba mtangazaji anasema kwa kinywa chake, ilhali sauti inatoka katika spika iliyo pembeni au nyuma ya runinga.

Ugumu wa ufundi huu uko katika herufi zinazodai midomo ikutane, yaani b, m na p. Msanii hulazimika kuzibadili kwa herufi zinazotamkwa kwa ulimi, akitumaini kwamba msikilizaji hatatambua. Atakayejaribu sanaa hii kwa Kiswahili atakutana na mtihani mkubwa mapema sana. "Baba" litamtoka kama "dada", na "mama" litamtoka kama "nana". Maneno mawili ambayo kila mtoto wa kwetu huanza nayo, na hata "Amina" tunalofungia sala, yanahitaji midomo halisi ya mtu halisi.

Maandiko Matakatifu nayo yanaujua mvuto wa sauti isiyojulikana itokako. Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, inapomtaja mwanamke wa Endori ambaye mfalme Sauli alimwendea usiku (rej. 1 Sam 28:7), hutumia neno lile lile la asemaye kwa tumbo. Sauli alikwenda kwake kwa sababu alikuwa amemwomba Bwana shauri, asijibiwe. Mtu aliyekosa sauti ya kweli yuko tayari kusikiliza sauti yoyote. Hilo tutalirudia.

Wema ambao hatuna budi kuukiri

Si haki kuishutumu sanaa hii kana kwamba ni udanganyifu mtupu. Msanii anayeketi na mwanasesere gotini hamdanganyi mtu. Mkono wake unaonekana, na kila aliyepo ukumbini anajua nani anasema. Furaha ya watazamaji hutokana na kujua ukweli na wakati huo huo kukubali mchezo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, anafundisha kwamba roho ya mwanadamu huchoka kama mwili unavyochoka, nayo huhitaji pumziko la mchezo na mzaha wenye kiasi. Mtakatifu Yohane Bosco alipokuwa kijana huko Becchi, nchini Italia, aliwakusanya wenzake kwa sarakasi na viinimacho, kisha akawaongoza katika Rozari na kuwarudia mahubiri aliyoyasikia kanisani. Alijua kwamba kicheko chema hufungua mlango ambao karipio hushindwa kuufungua.

Runinga imeutumia mlango huo kwa manufaa. Nchini Afrika ya Kusini, mwaka 2002, kipindi cha watoto cha Takalani Sesame kilimleta Kami, mwanasesere anayeishi na virusi vya UKIMWI, wakati ambapo watoto wengi walioambukizwa au kufiwa na wazazi walikuwa wakitengwa hata na wenzao wa shuleni. Mtoto ambaye hakuthubutu kuuliza swali kwa mwalimu wake alimsikia Kami akilijibu. Hapa Tanzania, Kilimani Sesame ilifundisha watoto juu ya malaria na matumizi ya chandarua kwa njia hiyo hiyo. Nchini Marekani, Darci Lynne, msichana wa miaka 12 ambaye alikuwa na haya nyingi, alishinda shindano la America's Got Talent mwaka 2017 akiwa na wanasesere wake, na kupata zawadi ya dola milioni moja. Kabla yake, shindano hilo lilikuwa limekwisha kushindwa na wasanii wengine wawili wa fani hiyo, Terry Fator mwaka 2007 na Paul Zerdin mwaka 2015. Wapo wanyonge ambao hupata sauti yao wenyewe kwa kuanza kuikopesha kwa mwanasesere. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Inter mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulivipokea vyombo vya mawasiliano kama vipaji vya kustaajabisha, ukisisitiza kwamba wema au ubaya wake hutegemea jinsi vinavyotumiwa.

Baba, binti na mwanasesere

Historia ya sanaa hii inayo simulizi moja ambayo kila mzazi angefaa kuisikia. Edgar Bergen wa Marekani alikuwa msanii mashuhuri kuliko wote wa fani hiyo katika karne ya 20. Kuanzia mwaka 1937 yeye na mwanasesere wake wa mbao, Charlie McCarthy, waliongoza kipindi cha redio kilichopendwa nchini kote, ingawa redioni hakuna aliyeweza kuona kama midomo yake imetulia au la. Charlie mwenyewe alimtania mara kwa mara kwamba midomo yake inacheza. Mwaka 1938 Chuo Kikuu cha Northwestern kilimpa mwanasesere huyo shahada ya heshima ya mzaha.

Bergen alikuwa na binti, Candice, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji maarufu wa filamu na runinga. Candice amesimulia jinsi, alipokuwa mdogo, baba yake alivyompakata goti moja na kumpakata Charlie goti la pili. Baba alipombana kidogo shingoni, binti alifungua na kufumba kinywa, na baba akasema kwa niaba ya wote wawili. Watu walimfahamu kama dada yake Charlie. Na Bergen alipofariki dunia mwaka 1978, kama binti huyo alivyoeleza katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 2015, wosia ulimtengea Charlie dola 10,000, naye binti hakuachiwa chochote.

Si kazi yetu kumhukumu marehemu, na hakuna ajuaye yaliyokuwa moyoni mwake. Lakini picha ile ya magoti mawili haitoki akilini kwa urahisi. Ni baba aliyejua kumpa uhai mwanasesere, ila binti yake aliyekuwa hai akajifunza kungoja abanwe shingo ndipo afungue kinywa. Tusiharakishe kusema kwamba hayo ni ya Wamarekani. Katika nyumba nyingi za kwetu mzazi humsemea mtoto mbele ya wageni, humchagulia masomo, huchagua kwa niaba yake hata wito, kisha hushangaa kijana akifika miaka 20 hana neno lake mwenyewe. Na katika nyumba hizo hizo, mtoto akilia hupewa simu, ili karagosi wa kioo amnyamazishe. Goti moja lina mwanasesere, la pili lina mtoto, na aliye bubu kati yao ni mtoto.

Kicheko na dhihaka

Hatari ya pili ni ile ya kujificha nyuma ya karagosi. Dominika ya tatu ya Majilio, tarehe 12 Desemba 1937, kipindi cha Bergen kilimwalika mwigizaji Mae West. Kulikuwa na igizo la mzaha juu ya Adamu na Eva, na majibizano ya kutongozana kati ya mwigizaji huyo na Charlie. Wasikilizaji wengi, Wakatoliki wakiwa miongoni mwao, walituma malalamiko makali, na shirika la utangazaji likakaripiwa na mamlaka ya serikali. Lawama kubwa ilimwangukia mwanamke aliyealikwa, naye akafungiwa redioni kwa miaka. Bergen na Charlie waliendelea na kipindi. Aliyetamka maneno ya Charlie alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, lakini neno likipitia kinywa cha mbao, watu husahau kumuuliza mwenye mkono.

Hali ni hiyo hata leo. Mmarekani Jeff Dunham amejaza kumbi kubwa na kutazamwa kwa mamilioni akiwa na wanasesere kama Achmed, mifupa ya gaidi aliyejilipua. Wapo waliocheka wakiona kwamba ugaidi unanyang'anywa kitisho chake. Wapo pia waliolalamika kwamba dhihaka hiyo inawabandika Waarabu na Waislamu wote sura ya gaidi. Sisi tunaoishi mlango kwa mlango na jirani zetu Waislamu tunao wajibu wa kujiuliza kama msanii angethubutu kuyatamka maneno yale kwa kinywa chake mwenyewe, akimtazama machoni mtu anayemtania. Ikiwa hangethubutu, mwanasesere amegeuka kuwa kichaka cha kujificha.

Kuna, hata hivyo, upande mwingine wa kuuzingatia. Vipindi vya karagosi wenye nyuso za wanasiasa, kama Spitting Image ya Uingereza na Les Guignols de l'info ya Ufaransa, vilifungua uwanja ambamo wakubwa waliambiwa ukweli. Kwa kufuata mfano wa Wafaransa, mchoraji vibonzo Gado, mzaliwa wa Tanzania, alianzisha nchini Kenya The XYZ Show, iliyoanza kurushwa mwaka 2009, wakati makovu ya ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 yalikuwa bado mabichi. Wananchi waliona viongozi wao wakifanywa karagosi wa mpira na wakacheka hadharani juu ya mambo ambayo walikuwa wakinong'onezana. Penye hofu, kicheko cha namna hiyo ni huduma kwa jamii.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatupa kipimo. Katika namba 2481, inapofafanua Amri ya Nane, inahesabu miongoni mwa makosa dhidi ya ukweli kejeli inayomdunisha mtu kwa kuikuza kwa nia mbaya sehemu fulani ya mwenendo wake. Kinachokatazwa ni nia mbaya. Igizo linalomwonyesha kiongozi akila rushwa linasema neno juu ya matendo yake, ambayo anaweza kuyaacha. Igizo linalocheka kabila lake, ulemavu wake au lafudhi yake halimtaki aache kitu. Linataka tu adharauliwe. Mwamini anayesambaza kipande cha pili kwa wenzake amekwisha kuingiza mkono wake mwenyewe ndani ya karagosi.

Karagosi asiyeonyesha mkono

Hatari ya tatu ndiyo mpya, na ndiyo iliyoibua kaulimbiu ya mwaka huu. Kwa msaada wa akili unde, rekodi fupi ya sauti ya mtu inatosha kutengeneza hotuba ambayo hajawahi kuitoa, na picha yake inatosha kutengeneza video ambamo midomo yake inacheza sambamba na hotuba hiyo. Ujanja ni ule ule wa kale, jicho kuliongoza sikio. Tofauti ni kwamba mkono umefichwa. Tena, sasa anayefanywa karagosi ni mtu halisi, aliye hai, bila idhini yake.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake wa mwaka 2024 juu ya akili unde na hekima ya moyo, alikiri kwamba yeye mwenyewe amewahi kutengenezewa picha za uongo. Mwezi Mei 2025, siku chache baada ya Baba Mtakatifu Leo XIV kuanza utume wake, ilisambazwa video ndefu iliyomwonyesha akimwelekezea ujumbe Rais Ibrahim Traoré wa Burkina Faso. Vatican News ililazimika kutangaza kwamba video ile ni ya uongo. Katika nchi mbalimbali maaskofu wamewatahadharisha waamini juu ya akaunti na sauti za kughushi zinazoomba fedha kwa majina yao. Parokia nyingi siku hizi hurusha Misa na mahubiri mtandaoni, jambo jema kwa wagonjwa na wazee. Tujue pia kwamba kila mahubiri yanayorekodiwa ni akiba ya sauti kwa mtu mwenye nia mbaya.

Ni nani atakayedanganyika kwa urahisi? Ni yule mwenye kiu ya neno na asiyepata wa kumwambia. Mama mzee anayeishi peke yake, kijana aliyekata tamaa ya kazi, mgonjwa asiyetembelewa. Hawa wanafanana na Sauli katika njia ya Endori. Tukiwalaumu kwa kuamini sauti ya bandia, tujiulize kwanza ni lini walisikia sauti ya kweli kutoka kwetu.

Nini kifanyike katika familia na jumuiya

Kwanza, mzazi aketi na mtoto wake mbele ya runinga au simu, hata kwa nusu saa, na amuulize: huyu anayesema ni nani, na mkono wake uko wapi? Walezi wa Utoto Mtakatifu wanaweza kwenda mbali zaidi. Soksi kuukuu na vifungo viwili vinatosha kutengeneza karagosi, na mtoto aliyewahi kumsemesha karagosi kwa sauti yake mwenyewe hatasahau kwamba nyuma ya kila kinywa cha bandia yupo mtu anayechagua maneno.

Pili, Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zikubaliane juu ya kanuni moja iliyo wazi: ujumbe wa sauti au video unaoomba fedha, hata ukiwa na sauti ya Paroko au ya Baba Askofu, usitekelezwe wala usisambazwe mpaka mtu apige simu kwa namba anayoijua tangu zamani au afike ofisi ya parokia. Kufanya hivyo si utovu wa heshima kwa mchungaji. Ni kumlinda asifanywe karagosi.

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, tuseme na watu wetu kwa midomo yetu wenyewe. Kristo anafundisha katika Injili ya Yohane sura ya 10 kwamba kondoo humfuata mchungaji kwa kuwa wanaijua sauti yake, na mgeni humkimbia. Lakini kondoo hawazaliwi wakiijua sauti hiyo. Wanaijua kwa kuwa wameisikia asubuhi na jioni, malishoni na zizini. Mtoto aliyebarikiwa na baba yake kila usiku, aliyesali na mama yake, aliyekaripiwa na kubembelezwa kwa sauti ile ile, atakuwa na kipimo moyoni ambacho hakuna programu inayoweza kukiiga.

Mungu mwenyewe ametuonyesha njia. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Dei Verbum namba 11, unafundisha kwamba wale waliovuviwa kuandika Maandiko Matakatifu walikuwa waandishi halisi, waliotumia akili na uwezo wao wenyewe. Hakuwafanya vyombo visivyo na hiari. Na marionnette, ambaye jina lake limetokana na Maria, anatukumbusha kwa kinyume chake kilichotokea Nazareti: Malaika alileta habari, Bikira akauliza swali, kisha mbingu zikangoja jibu. Neno alifanyika mwili kwa ridhaa iliyotoka katika kinywa cha binti aliyekuwa huru kukubali au kukataa.

Tumwombe Bikira Maria awaombee wazazi na walezi wetu, ili watoto waliokabidhiwa kwao wakue wakiwa na sauti zao wenyewe, na waijue sauti ya Mchungaji Mwema kati ya sauti zote zinazowaita.